Kimulimuli na Waya Uliokatwa

Sehemu ya tisa

Jumanne, tarehe kumi na nane Juni. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka mzito na mweupe, ukalala juu ya barabara kama shuka juu ya mgonjwa, na hakuna aliyeona zaidi ya hatua kumi mbele yake.

Tulimwacha Kimulimuli mtaroni. Gari la mikate lilikuwa limemgonga kwa nyuma, chupa za dawa zimepasuka mfukoni mwa baiskeli, na mkono wake wa kushoto unachuruzika damu. Badala ya kuutazama mkono, alikuwa ameinua kiti cha baiskeli yake ya umeme, na alichokiona chini yake kilimsahaulisha maumivu.

Waya wa taa za nyuma ulikuwa umekatwa.

Haukukatika kwa ajali. Ulikatwa. Ncha zake mbili zilifungwa tepu nyeusi, polepole na vizuri, kama mtu afungavyo zawadi.

"Dada, nisamehe," dereva wa gari la mikate alisema huku akishuka mtaroni na viatu vyake vyeupe kwa unga. "Lakini haki ya Mungu, nyuma hukuwa na taa hata moja. Nimekuona umeshafika kwenye bampa."

"Nilikuwa nazo."

"Mimi nina macho, dada."

"Na mimi nina taa mia moja na ishirini. Zinazunguka kiti, zinapita ubavuni, zinashuka mpaka kwenye gurudumu. Mtaa mzima unanijua kwa taa hizo."

"Basi leo mtaa mzima ungekuzika kwa taa hizo," dereva akasema. Kisha akaona jinsi anavyotazamwa, akashusha macho.

Kweli mtaa ulimjua. Jina la Kimulimuli hakupewa na mama yake, alipewa na watoto wa njiani. Kazi yake ilikuwa kuchukua dawa dukani na kuwapelekea wagonjwa wasioweza kutoka kitandani, na alianza kabla jua halijachomoza vizuri, maana mgonjwa hangoji. Miezi miwili nyuma gari lilimpangusa bega katika ukungu kama huu. Ndipo mdogo wake wa kiume, fundi umeme anayeitwa Volti, alipomfungia taa za ziada: nyekundu nyuma, za rangi ya chungwa ubavuni, na kwa ajili ya urembo tu, za bluu kwenye spoku za magurudumu. Ile taa ndogo ya nyuma iliyokuja na baiskeli aliing'oa. Alisema inaharibu sura.

Asubuhi ile Kimulimuli alibonyeza swichi, taa ya mbele ikawaka, akamshukuru Mungu, akaondoka. Aliyekaa kwenye kiti haoni mgongo wake mwenyewe.

"Nikupeleke hospitali?" dereva akauliza.

"Nipeleke kijiweni."

"Dada, mkono huo."

"Mkono utasubiri. Kuna mtu nataka kumwona kabla hajamaliza chai yake."

* * *

Kijiwe cha wapeleka mizigo kwa baiskeli kilikuwa kibanda cha mabati ubavuni mwa ukuta wa soko, chenye benchi moja, kabati moja na ubao wa zamu. Walikuwa watu kama kumi. Gari la mikate liliposimama, wote waligeuka. Kimulimuli alishuka amefunga kitambaa mkononi, tope mpaka kiunoni, na kipande cha waya kimebanwa kati ya vidole.

Hakumtazama mwingine. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee aliyekuwa amepiga magoti akitia mafuta mnyororo wa baiskeli ya kukanyaga.

Huyo alikuwa Babu Kengele. Miaka thelathini na moja alikuwa akibeba mizigo kutoka hapo, na miaka yote hiyo hakuamini kingine barabarani zaidi ya miguu yake na kengele kubwa ya shaba aliyoisugua kila asubuhi mpaka iakisi uso.

"Umenikatia waya," Kimulimuli akasema.

"Salamu kwanza, mjukuu wangu."

"Salamu utaipata polisi. Jana ulisema nini mbele ya watu hawa?"

"Jana nilisema mengi. Nina mdomo tangu nizaliwe."

"Ulisema baiskeli yangu imekuwa bibi harusi. Ukasema ungepata koleo ungeninyoa mataa yote."

Mtu mmoja kwenye benchi alianza kucheka, akaona damu, kicheko akakimeza.

"Nilisema," Babu Kengele akajibu. Alisimama, akajifuta mikono kwa kitambaa. "Na bado ni bibi harusi. Lakini mimi simwui bibi harusi kwa kuwa amejipamba."

"Saa tisa alasiri ulichuchumaa kando ya baiskeli yangu. Mwenyekiti alikuona."

Macho yakahamia kwa Mwenyekiti wa kijiwe, mwanamume mnene asiyependa ugomvi kabla ya chai. Alikohoa.

"Nilimwona. Siwezi kusema uongo. Alichokifanya sikukiona."

"Babu, ulikuwa unafanya nini pale chini?"

Mzee alikikunja kitambaa chake. Kama angejibu wakati ule, msomaji, hadithi yetu ingekwisha leo. Lakini uzee nao una kiburi chake.

"Mimi sijibu mtu anayeniuliza kama mwizi."

"Kwa sababu ni mwizi. Mwizi wa roho za watu. Umeona gari limenikosa mara ya kwanza, ukaona ulisaidie."

"Kimulimuli, punguza," Mwenyekiti akasema.

Hakupunguza. Hasira ilikuwa imempanda mpaka kwenye nywele. Kwa mkono wake mzima alishika ile kengele ya shaba, akaivuta. Skrubu ilikuwa ya zamani kama mwenyewe, ikaachia. Aliirusha kwa nguvu zake zote. Ilipita juu ya ukuta wa soko, ikalia mara moja tu ilipogonga kitu upande wa pili, halafu kimya. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na mtaro mkubwa unaobeba maji machafu ya soko zima.

Watu wa benchi wakasimama.

Babu Kengele alitazama pale mahali kwenye usukani palipobaki duara la kutu. Alipaza sauti kwa mara ya kwanza.

"Kengele ile imewatoa njiani watu wengi kuliko taa zako zote. Wewe mtoto umelelewa na nani?"

"Nimelelewa na mama aliyenifundisha kujilinda na watu kama wewe."

"Basi," Mwenyekiti akasema, akajiweka katikati yao kwa tumbo lake. "Basi nyote wawili. Sheria yetu mnaijua. Anayehatarisha uhai wa mwenzake hapangi foleni hapa tena, hata awe mzee, hata awe mwanzilishi. Tutakutana saa kumi jioni, tupige kura. Kimulimuli, unadai hivyo?"

"Nadai hivyo. Atoke."

Miaka thelathini na moja ilikuwa imewekwa kwenye mizani kwa neno moja, na mwenye mizani alikuwa na hasira.

Babu Kengele akanyoosha mkono. "Angalau nionyeshe huo waya ninaoufia."

Kimulimuli alimtupia. Mzee alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akabandua tepu, akakigeuza kile kipande kwenye mwanga.

"Aliyekata hapa koleo lake lina pengo," akasema. "Tazama. Upande mmoja umekatika safi, upande mwingine umeacha kijiulimi cha shaba. Pengo la meno." Alitoa koleo lake kwenye mfuko chini ya kiti, akakata kipande cha waya wa kufungia mizigo mbele ya macho yao. Ncha ilikuwa safi kama kucha iliyokatwa. "Langu ndilo hili. Mwenye pengo mtafuteni."

"Koleo si moja duniani," mtu akasema kutoka kwenye benchi. "Anaweza kuwa nalo jingine nyumbani."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Kimulimuli hakuitikia. Alikuwa anakitazama kile kijiulimi cha shaba.

Koleo lenye pengo alilijua. Pengo lenyewe alilitia yeye, mwaka jana, alipong'oa nalo msumari wa mlango. Na lilining'inia kwenye msumari, ukutani, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao.

Angeweza kusema palepale. Mdomo ulifunguka. Lakini damu ni kitu kizito. Ilimkaa kwenye ulimi, ukashindwa kunyanyuka. Aliuchukua waya, akaondoka bila kuaga, akamwacha mzee wa watu na duara lake la kutu.

* * *

Volti alikuwa karakanani, yaani chumba kile cha mbele ambacho zamani kilikuwa sebule ya mama yao. Miviringo ya taa za rangi ilining'inia kila mahali. Juu ya meza palikuwa na chuma cha kulehemu kinachofuka moshi, na daftari la masomo yake ya jioni.

Alipomwona dada yake akaruka.

"Dada. Umefanyaje?"

Kimulimuli alikwenda ukutani, akalitungua koleo. Akaokota kipande cha waya sakafuni, akakikata, akakiweka mezani. Kando yake akaweka kile alichotoka nacho mtaroni.

Vijiulimi viwili vya shaba, kama mapacha.

"Lile koleo," Volti akaanza, "juzi nilimwazima jirani..."

"Endelea."

"Jirani yule wa..."

"Endelea kudanganya, mdogo wangu. Nina mkono mmoja mzima, nautunza kwa ajili hiyo."

Volti alikaa chini. Alikuwa na miaka ishirini na minne, lakini pale kwenye kigoda alionekana ana kumi.

"Nilitaka kukuambia."

"Lini? Kwenye matanga?"

"Asubuhi. Nilipanga niamke kabla yako, nikufungie upya. Nikapitiwa na usingizi. Nilipoamka umeshaondoka. Nimekupigia simu mara nane."

"Simu iko mtaroni. Kwa nini ulikata?"

Akamwambia. Jana jioni alipochomeka betri ipate chaji alisikia harufu ya mpira unaoungua. Akainua kiti. Ule waya mwembamba wa taa, alioutoa moja kwa moja kwenye betri, ulikuwa umesuguana na chuma cha kiti mpaka ngozi yake ikachunika, na umeanza kuyeyuka. Kidogo tu ungewaka. Na yeye Kimulimuli angekuwa amekaa juu yake.

"Nikakata haraka," akasema. "Nimekuokoa na moto, dada."

"Umeniokoa na moto ukanitupa chini ya gari. Na hiyo fyuzi? Si kila siku unanisomea hapa habari za fyuzi? Kile kijiwaya kinachokubali kuungua ili vingine vipone?"

Volti akainamisha kichwa.

"Sikuweka."

"Hukuweka."

"Nilipofunga taa zako nilikuwa siijui. Somo la fyuzi lilikuwa Jumatano. Jumatano ile sikwenda darasani."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kuchagua zile taa za bluu."

Kimulimuli akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kikavu, na Volti angependa zaidi apigwe.

"Taa za bluu," akarudia. "Mtu anaacha somo litakalomlinda dada yake, anakwenda kuchagua urembo wa tairi lake. Na ulipolijua somo?"

"Nilinakili kwa mwenzangu wiki iliyofuata. Nikaona aibu kurudi nyuma. Nikisema nimekosea, nani ataniletea baiskeli tena? Ndiyo kwanza watu wameanza kuniita fundi."

"Ungeniambia 'dada, nimekosea', leo ningetembea kwa miguu nikiimba. Maneno mawili, Volti. Umeshindwa maneno mawili."

Akamweleza habari za kijiweni: kengele, kura, saa kumi. Volti alisikiliza akikunja na kukunjua tepu. Kisha akasema jambo ambalo hakupaswa kulisema.

"Kwani Babu Kengele ana miaka mingapi tena barabarani? Miguu imeshachoka. Hata wakimtoa, ni kama kumpumzisha."

Mkono wenye kitambaa ulinyanyuka wenyewe. Ulisimama hewani, kisha ukashuka. Hakumpiga. Lakini maneno yaliyotoka yalikuwa mazito kuliko kofi.

"Mama alipokuwa anakata roho aliuweka mkono wako kwenye mkono wangu. Akasema nikulinde. Hakusema nikufiche. Saa kumi uwe kijiweni. Usipokuja nitasema mimi, na nikisema mimi sitasema kama dada."

Aliingia chumbani kwake, akafunga mlango, akapiga magoti kando ya kitanda. Alizoea kusali kwa maneno mengi. Leo maneno yote yalikataa, yakabaki haya tu: "Bwana, nimeng'oa kengele ya mzee."

Akayarudia mpaka mkono ukaanza kumuuma upya, ndipo akakumbuka hospitali.

* * *

Saa kumi kamili kibanda kilijaa. Kimulimuli alikuja na mkono umeshonwa nyuzi saba. Alitafuta uso wa mdogo wake kila upande. Hakuuona.

Babu Kengele alikaa peke yake mwisho wa benchi. Baiskeli yake ilisimama nje ya mlango, haina kengele, kama mtu asiye na meno ya mbele.

"Hatutachelewa," Mwenyekiti akasema. "Mlikuwepo, mmesikia. Mzee alitishia, mzee alionekana, waya umekatwa. Yeye mwenyewe amekataa kujieleza. Wanaokubali atoke, wanyooshe mikono."

Mkono mmoja. Wa pili. Mitatu kwa pamoja. Watu waliokunywa chai naye miaka na miaka walikuwa wananyoosha mikono huku wakitazama viatu vyao.

"Shusheni," Kimulimuli akasema.

"Nini tena?"

"Nimesema shusheni mikono. Mzee hana kosa. Nimemsingizia."

Kibanda kikavuma. "Sasa nani?" wakauliza. "Nani alikata?"

Alivuta pumzi. Sekunde ile, nje mlangoni, mtu akajibu badala yake.

"Mimi."

Volti alikuwa ameshika koleo mkononi, macho mekundu. Alikuwa amesimama nje muda wote, nyuma ya ukuta, akiihesabu ile mikono kupitia tundu la bati. Aliingia mpaka katikati, akasema yote: harufu, waya, fyuzi, Jumatano. Hakuacha hata taa za bluu. Sauti ilikatika mara mbili, akaiunga mwenyewe.

Alipomaliza, palizuka kelele za kila namna. Mwenyekiti alipiga kabati kwa kiganja mpaka zikatulia.

"Na wewe Babu," akasema kwa hasira, maana mtu aliyekaribia kudhulumu hukasirika zaidi, "kwa nini hukusema ulichokuwa unafanya pale chini? Umetaka tubebe dhambi bure?"

"Tairi lake la nyuma lilikuwa limepungua upepo," Babu Kengele akajibu. "Nikaona binti ataondoka asubuhi na dawa za watu, tairi limelala. Nikajaza. Pampu yangu, kifua changu. Nimekohoa usiku kucha kwa ajili ya bibi harusi."

Kimulimuli alitamani sakafu ifunguke. Alipiga hatua kumwendea, akitafuta maneno, lakini mzee aliinua kidole kumzuia. Alikuwa anamtazama Volti.

"Radhi zitasubiri, hazichachi. Wewe fundi, nina swali. Taa ulimfungia huyu peke yake?"

Volti akalitazama koleo lake.

"Mficha maradhi, kijana wangu, kifo humuumbua. Umewafungia wangapi?"

"Wengine sita."

"Zikiwa na fyuzi?"

"Hazina. Wote nilikuwa nimeshawafungia kabla sijalinakili somo. Nilitaka nizifunge upya moja moja, kimyakimya."

Kisha kila mwenye taa akakimbilia nje. Kimulimuli alisimama amepigwa na butwaa. Mchana kutwa alikuwa amewaka kwa ajili ya waya wake, na swali hili la wazi halikumpita kichwani. Aliyelikumbuka ni yule waliyekuwa wanamfukuza.

Baiskeli tano zilikuwa zimepangwa ukutani. Volti aliinua kiti cha kwanza, salama. Cha pili, salama. Cha tatu alipokiinua moshi mwembamba ulitoka, na harufu ile aliyoijua ikampiga usoni. Alikata waya, akachomoa betri, akairusha mchangani.

"Zote," Mwenyekiti akapiga kelele. "Toa betri zote. Na mtu asiguse baiskeli yoyote mpaka nione hiyo fyuzi kwa macho yangu."

Betri tano zikalala mchangani. Watu walizizunguka kwa mbali kama zingeuma.

"Hizi ni tano," Kimulimuli akasema. "Ya sita ya nani?"

Volti alizihesabu tena zile betri.

"Ya Mama Pacha."

Hapo hata Mwenyekiti alishika kichwa. Mama Pacha alikuwa mwenzao wa kijiwe, mpeleka barua, na kila jioni kazi ikiisha aliwapitia wanawe wawili wa miaka mitatu shule ya watoto. Mmoja alikaa mbele, mmoja nyuma. Yeye ndiye aliyetaka taa nyingi kuliko wote. "Nizungushie kabisa," alisema siku ile, "dereva kipofu aone nina watoto." Na taa hizo hakuzizima hata mchana.

Kiti cha yule wa nyuma kilifungwa juu ya betri.

Mwenyekiti alipiga simu. Iliita, ikaita, ikakata. Alipiga tena. Mama Pacha hapokei simu akiwa barabarani. Ndivyo Mwenyekiti mwenyewe alivyowafundisha. Akapiga shuleni. Wote walisikia sauti ya mwalimu ikitoka kwenye spika, changamfu kabisa.

"Mama Pacha? Ameondoka sasa hivi na watoto wake. Haijapita dakika tano. Kuna shida?"

Kutoka shuleni mpaka kwake ni uchochoro wa nyuma ya soko, mwembamba, gari haliingii. Baiskeli ya Kimulimuli ilikuwa karakanani, ilikoshushwa na gari la mikate, gurudumu limepinda. Tano za ukutani hazina betri, na nzito kama ng'ombe. Wengine mizigo yao ilikuwa bado imefungwa kamba mafundo kumi.

Baiskeli iliyokuwa tayari, wima, mnyororo umetiwa mafuta asubuhi ile, ilikuwa moja tu.

Kimulimuli alimgeukia Babu Kengele. Ilimlazimu kuomba, na mdomo alioombea ni uleule aliomtukania.

"Babu. Niazime baiskeli yako."

Mzee hakumsumbua hata kidogo. Angeweza, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Chukua," akasema. "Breki ya mbele inavuta kulia. Na uchochoroni watu ni wengi." Akatulia kidogo. "Haina kengele, lakini hilo unalijua."

Lilimchoma kuliko nyuzi zote saba. Alirukia kwenye kiti. "Volti, panda nyuma. Na hilo koleo lako la pengo. Ulichofunga kwa mkono wako utakikata kwa mkono wako."

Volti alipanda kwenye keria ya nyuma bila neno. Mguu wa Kimulimuli ulishakanyaga pedali, lakini akaushusha chini tena. Aligeuka akawatazama wote: Mwenyekiti na simu yake, wale wa benchi waliokuwa wamenyoosha mikono, na mzee mlangoni. Sauti yake ilikuwa bado na hasira, ila sasa ilijua pa kwenda.

"Nasema mbele yenu nyote, na Mungu anasikia. Wale watoto watashuka kwenye ile baiskeli wakiwa wazima. Kisha nitaingia kwenye ule mtaro wa soko kwa magoti, na leo hii, kabla jua halijazama, Babu, nitaipiga kengele yako mlangoni kwako. Jua likizama hujaisikia, mjue nimeshindwa yote mawili."